Mfuko wa sokoni usiokatika mikono

Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini vifungashio vyembamba bado vinapenya, hasa kwenye samaki, nyama na nyanya. Dawa yake ni kutoka nyumbani na mfuko wako.

Tumia jinzi kuukuu au turubai. Kanga peke yake ni nyepesi mno. Itumie kama bitana. Kata kipande kimoja cha sm 45 kwa sm 90, kikunje katikati ili kitako kisiwe na mshono, kisha shona pande mbili, kila mshono mara mbili. Pindo la juu liwe sm 3.

Mikono ndiyo inayoua mifuko mingi. Kata vipande viwili vya sm 10 kwa sm 60, kunja kila kimoja kiwe na tabaka nne, kipate upana wa sm 2.5. Ncha zishuke sm 5 ndani ya mfuko, zishonwe mraba wenye alama ya X katikati. Mstari mmoja wa uzi hubeba uzito wote mahali pamoja, nao huchanika. Jaribu kwa kilo 5 za unga kabla ya kwenda sokoni.

Samaki na nyama havitaki kitambaa: beba kopo lenye mfuniko, na muuzaji alipime tupu kwanza, la sivyo utalipia kopo bei ya nyama. Mfuko ukishafuliwa na kukauka, urudishe mlangoni, usikae kabatini ukasahaulika.