Namna ya Kupima Kama Michezo ya Uhalisia Pepe Inakufaa Kabla ya Kununua Miwani Yake

Nintendo ilipotoa Virtual Boy mwaka 1995, mchezaji alilazimika kuinamia kifaa kilichosimamishwa mezani na kuchungulia picha nyekundu juu ya weusi, na kabla mwaka 1996 haujaisha kifaa hicho kilikuwa kimeshaachwa. Mwaka 2016 zikaja Oculus Rift, HTC Vive na PlayStation VR, miwani za kufunga usoni zinazokuonyesha dunia ya kompyuta ikikuzunguka pande zote, ambazo picha zake zilishangaza watu lakini ziliburuta kebo hadi kwenye kompyuta yenye nguvu au kwenye PlayStation 4. Tangu Oculus Quest ilipotoka mwaka 2019, kompyuta, betri na kamera zinazofuatilia mwendo zimo ndani ya miwani yenyewe, na mtu anaweza kuitoa kwenye boksi akaanza kucheza jioni hiyohiyo. Kwa hiyo mimi nashikilia kwamba kifaa kimeshaiva. Kisichojulikana bado ni kama mwili wako, chumba chako na mazoea yako yatakipokea, na jambo hilo hakuna tangazo linaloweza kukupimia. Inabidi ulipime mwenyewe, kwa miwani ya kuazima ikiwezekana, kabla hujanunua yako.

Anza na mwili, kwa kuwa ndio unaowakatisha tamaa wengi. Abiria wa baharini hulevywa na mawimbi kwa sababu sikio lake la ndani linahisi mrusho wa chombo, ilhali macho yake, yaliyotulia ndani ya chumba, hayaoni kitu kinachosogea. Ndani ya miwani mambo hugeuka: macho yanaona unakimbia kwenye korido, huku sikio la ndani likishuhudia kwamba umesimama palepale. Mgongano huo ndio unaoleta kichefuchefu, na ukubwa wake hutegemea sana aina ya mchezo. Katika Beat Saber, mchezo wa kukata vipande kwa mdundo wa muziki, unasimama mahali pamoja na vitu ndivyo vinavyokujia, kwa hiyo kila mwendo unaouona unaufanya kweli kwa mikono na kiwiliwili chako, na watu wengi hucheza bila shida. Half-Life: Alyx, iliyotoka mwaka 2020, inakuruhusu kuchagua kuhamia papo hapo kutoka sehemu moja hadi nyingine badala ya kuteleza, yaani kusonga mfululizo kwa kusukuma kijiti cha kidhibiti cha mkononi, na hilo linapunguza mgongano kwa kiasi kikubwa. Michezo ya kuteleza kwa kijiti, ya ndege na ya mashindano ya magari ndiyo mizito zaidi.

Basi jaribu kwa mpangilio huohuo, na usikubali kuanza na mchezo wa bembea la reli linalopanda na kuporomoka, ingawa wenye miwani hupenda kuwaonyesha wageni jambo hilo kwanza. Siku ya kwanza cheza dakika kumi tu. Dalili ya mapema si kutapika. Ni joto linalopanda usoni, jasho jembamba kwenye paji, na mate yanayoanza kujaa mdomoni. Ukiona moja kati ya hizo, vua miwani wakati huohuo, hata kama hatua ya mchezo imebaki kidogo. Anayejikaza kwa kudhani atazoea humo humo huweza kubaki na kisunzi kwa saa kadhaa, na kesho yake mwili humkataza hata kuigusa miwani. Anayeacha mapema na kurudi siku nyingine mara nyingi huongeza dakika kidogo kidogo mpaka akazoea. Wapo wasiozoea michezo ya kuteleza hata kidogo, na kwao ukweli huo una thamani zaidi ukijulikana kabla ya kulipa. Feni inayopuliza usoni husaidia, na michezo ya ndege na magari ichezwe ukiwa umekaa, kwa sababu kiti cha kweli kinalingana na kiti unachokiona.

Picha inapogandaganda ugonjwa huu huja haraka zaidi. Miwani ya sasa huonyesha picha 72, 90 au hata 120 kwa sekunde, na kompyuta ikishindwa kuzitoa kwa wakati, dunia hutikisika mbele ya macho kila unapogeuza kichwa. Dawa yake ni kupunguza ubora wa picha kwenye mipangilio.

Sehemu inayopuuzwa mno ni uvaaji. Lenzi zinapaswa kukaa sawasawa mbele ya mboni, na umbali kati ya mboni mbili hutofautiana kati ya mtu na mtu; kwa watu wazima wengi huwa karibu milimita 63, lakini wapo walio mbali na kiwango hicho. Simama mbele ya kioo, weka rula juu ya nyusi, fumba jicho la kulia na ulinganishe sifuri na katikati ya mboni ya kushoto. Kisha, bila kusogeza rula wala kichwa, fumba la kushoto na usome namba iliyo juu ya mboni ya kulia. Weka kipimo hicho kwenye miwani. Halafu shusha mkanda wa nyuma mpaka ushike chini ya mfupa wa kisogo, na uvute mkanda wa juu ili uzito uning'inie kwenye utosi badala ya kulalia mashavu. Quest 3, toleo la baadaye la Oculus Quest, ina uzito wa takriban gramu 515, na gramu hizo zikikaa mashavuni kwa nusu saa zinauma. Mwisho sogeza miwani juu na chini polepole huku ukisoma maandishi madogo ya menyu; kuna mahali pamoja ambapo herufi hukaza, na ukipita hapo kwa upana wa kucha tu, ukungu hurudi. Nimeona watu wakilaumu ubora wa skrini kumbe hawakupafikia mahali hapo. Anayevaa miwani ya macho akivae kifaa kwa kuanzia mbele na kukivua kwa kuanzia mbele, na ahakikishe lenzi zake hazigusani na za kifaa, kwani zikisuguana hukwaruzika. Jua nalo lisiguse lenzi kamwe: hukusanywa nazo kama kioo cha kukuza na kuunguza skrini.

Chumba kinahitaji nafasi tupu ya angalau mita mbili kwa mbili kwa michezo ya kusimama. Nyosha mikono, zunguka, kisha ongeza hatua moja kila upande. Angalia na juu pia, maana taa na feni za dari hupigwa mara nyingi kuliko kuta. Mstari wa mpaka unaouchora ndani ya miwani husaidia, lakini hauzuii mkono ulioshaanza kurushwa. Weka mkeka mdogo katikati ili nyayo zijue zimetoka wapi. Mdogo wangu, mtu mzima na mwangalifu, alitaka kupumzika baada ya mchezo mmoja, akaegemea meza iliyokuwa mbele yake. Meza hiyo ilikuwamo ndani ya mchezo tu, naye akaanguka kwa bega. Tangu hapo simruhusu mtu avae kwa mara ya kwanza bila mwingine kusimama karibu. Kwa watoto fuata umri uliowekwa na mtengenezaji: Sony haipendekezi PS VR2, toleo la pili la PlayStation VR, kwa walio chini ya miaka 12.

Kuhusu aina, anayetaka urahisi achukue miwani inayojitegemea. PS VR2 inahitaji PlayStation 5, au kompyuta pamoja na adapta yake, na michezo ya PlayStation VR ya kwanza haifanyi kazi humo mpaka itengenezwe upya, kwa hiyo thibitisha mchezo unaoutaka upo kwenye kifaa unachokitaka. Uliza pia masasisho yataendelea hadi lini, kwani mwaka 2023 Meta, kampuni inayotengeneza Quest, ilitangaza kwamba Quest ya kwanza haitapata tena vipengele vipya.

Kipimo kikali kuliko vyote ni mazoea. Azima miwani kwa wiki tatu, na kwenye karatasi andika kila siku uliyoivaa, kwa dakika ngapi, na nani aliyeitaka itoke. Wiki ya kwanza usiihesabu, kwa sababu ni ya ugeni na wageni. Tazama wiki ya tatu, wakati kuivaa kumekuwa ni kusogeza viti, kuchaji betri isiyozidi sana saa mbili, kusubiri sasisho na kufuta jasho. Ukikuta umeivaa mara tatu bila kuombwa na mtu, nunua. Ukikuta mara moja au hapana kabisa, mrudishie mwenyewe, na umwombe tena atakapopata toleo jipya.