Usaili wa programu: fungua mdomo kabla ya kugusa kibodi

Usaili wangu wa kwanza wa kazi ya kuandika programu niliufanyia mtandaoni, chumbani kwangu Sinza, na nilifeli nikiwa kimya. Swali lilikuwa jepesi: kwenye orodha ya namba, tafuta mbili ambazo jumla yake ni 10. Nikainama, nikaandika dakika 20 bila neno. Msaili akauliza, "Bado upo, kaka?"

Siku hizi naanza kwa kuuliza. Namba zinaweza kujirudia? Kuna hasi? Orodha ina urefu gani? Kisha naitaja njia ya kizembe kwa sauti: kulinganisha kila namba na zote zinazoifuata. Kwa namba 10,000 hiyo ni karibu mara milioni 50. Itaje idadi hiyo mwenyewe, usisubiri kuulizwa. Hapo ndipo naleta kamusi ya Python (lugha ya programu), yaani hifadhi inayokuonyesha papo hapo kama kitu kimo: nikifika kwenye 3, naangalia kama 7 nimeshaipita, kama bado, naihifadhi 3, nasonga mbele. Orodha inapitiwa mara moja tu.

Ukimaliza, usikimbilie kusema "tayari". Chukua orodha fupi, mfano 5, 3, 7, uipitishe mstari kwa mstari kwa mdomo. Mimi, kwenye usaili mmoja wa baadaye, hapo ndipo niligundua nahifadhi namba kabla ya kuangalia, kwa hiyo ile 5 ikajikuta imejijumlisha yenyewe! Nikacheka, nikabadilisha mistari miwili. Kazi hiyo nilipata.

Ah, na umeme wa LUKU nunua siku moja kabla. Bando pia.