Fizzy na Fizz: Usichanganye Ukiwa Ugenini

Ukifika dukani kwa Mangi pale Majengo, Moshi, ukasema "naomba soda", utaulizwa: ya baridi au ya moto? Ya moto ni ile tu ambayo haijaingia friji. Ukienda Uingereza, hilo neno "moto" liache nyumbani. Ukilitafsiri, watadhani unataka ichemshwe.

Lakini hata "soda" yenyewe inahitaji tahadhari. Kwenye baa ya Kiingereza unaweza kuletewa maji ya gesi yasiyo na sukari hata chembe. Fanta na wenzake wanaitwa fizzy drinks. Neno fizzy limetokana na mlio, ule "fsss" wa kizibo kikibanduliwa. Soda iliyokufa gesi ni flat. Kwenye lebo utakuta carbonated, maana ile ile kwa lugha ya kiwandani. Maji nayo yana yake: still hayana gesi, sparkling yanayo. (Mtu aliyekulia maji ya mlimani, sparkling ya kwanza lazima aiteme.)

Marekani inategemea umeshukia wapi. New York na California wanasema soda, Chicago wengi wanasema pop, na majimbo ya kusini wapo wanaoita kila soda coke, hata ya machungwa. Lemonade pia itakuchanganya: Uingereza mara nyingi ni soda nyeupe yenye gesi, Marekani ni maji ya limau na sukari, bila gesi.

Sasa hapa ndipo niliponaswa mimi. Kwenye sherehe ya kumuaga mwenzetu kazini, nikaulizwa kama nitapenda glasi ya fizz. Nikaitikia haraka, nikijua ni Sprite. Funda la kwanza tu, nikajua nimeingia cha kike. Kumbe Waingereza wakisema fizz, bila ile y ya mwisho, mara nyingi wanamaanisha shampeni, prosecco au mvinyo mwingine wa vipovu. Kama hutumii kilevi, uliza kabla ya kupokea: "Is it alcoholic?" Hakuna atakayekushangaa, na kwa kawaida juisi ipo pembeni.

Na siku ukimweleza mwenyeji wako habari za mbege, pombe ya ndizi ya Wachagga, usiseme ni fizzy drink kwa sababu eti inatoa povu. Kwao hiyo ni soda. Akija Kibosho ataimiminia watoto.