Baba mdogo si baba kwenye fomu ya FAFSA

Ndugu zangu wa Mbeya, Iringa na Njombe mlioko Marekani, mwenye mtoto anayeingia chuo asome hapa taratibu. FAFSA ndiyo fomu ya kuomba msaada wa serikali kuu ya Marekani wa kulipia chuo. Kosa hili lilinigharimu muhula mzima.

Nilifika na miaka 19 kwa bahati nasibu ya grinikadi, nikapokelewa na baba mdogo. Alinilisha, akaninunulia koti la baridi. Fomu ilipouliza mzazi, nikajaza jina lake na kipato chake. Kwetu Tukuyu nani angejaza vingine? Hata Bodi ya Mikopo mlezi husaini, mtendaji akagonga muhuri. Chuo kikaniita kwenye uhakiki, kikataka cheti cha kuzaliwa. Cheti cha RITA kina jina la baba mwingine, yu hai, analima chai. Msaada ukasimama, ada nikailipa kwa zamu za usiku za kutunza wazee.

Narudia: mzazi wa FAFSA ni aliyekuzaa au aliyekuasili kisheria. Baba mdogo, shangazi, bibi aliyekulea tangu unatambaa, hawamo. Hujafika miaka 24, huna ndoa, huna mtoto unayemtunza, wazazi wako wapo hai? Basi kwa kawaida taarifa zao zinatakiwa, hata kama hawakutumii senti. Hapa ndipo nawaona Wamarekani wamejinyima. Ni wakarimu, lakini familia kwao inaishia mlangoni, na fomu yao haina nafasi ya kipato cha mtu aliyekulea tu.

Mzazi asiye na namba ya hifadhi ya jamii ya Marekani anaruhusiwa kufungua akaunti yake ya kujazia fomu hiyo. Kipato cha shambani hugeuzwa dola kwa kiwango cha siku unayojaza. Na ninyi wazazi, msimwambie mtoto aandike sifuri "ili apate zaidi". Mnamponza.

Mengine ni mafupi. Mwenye viza ya mwanafunzi, F-1, hapati msaada wa serikali kuu. Aombe ufadhili wa chuo chenyewe. Fomu ni bure, usimlipe mtu. Ukianza kusoma, usifeli wala kuacha masomo ovyo, msaada unakatwa. Ruzuku ya Pell, isiyorudishwa, kwa 2025–26 inafika dola 7,395.

Mwaka uliofuata mama alipanda hadi kilimani kutafuta mtandao, akanisomea tarakimu za akaunti yake moja moja. Mara ya tatu ikakubali.