Kuhoji Mapato na Matumizi katika Mkutano Mkuu wa Kijiji

Nchini Tanzania, Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 imeuweka mkutano mkuu wa kijiji, yaani kikao cha wakazi wote waliofikisha miaka 18, juu ya halmashauri ya kijiji, na ndiyo sababu taarifa ya mapato na matumizi husomwa mbele yake. Lakini taarifa kusomwa ni jambo moja, na kuhojiwa ni jingine.

Anzeni siku chache kabla ya kikao. Nakilini tarakimu zilizobandikwa kwenye ubao wa matangazo, kisha mzilinganishe na hali halisi: ikiwa imeandikwa kwamba mifuko 60 ya saruji imetumika kwenye sakafu ya darasa, nendeni mkaitazame sakafu hiyo na kumuuliza fundi. Ubao ukiwa mtupu, mwandikieni mtendaji wa kijiji barua na mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, kwa kuwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 haimruhusu kuzidisha siku 30 bila kujibu, na pasipo muhuri hakuna wa kuzihesabu.

Chunguzeni pia ni nani asiyefika. Kikao cha saa nne asubuhi huwakuta wafugaji wakiwa machungani; tangazo la kipaza sauti halimfikii kiziwi. Kukosekana huko kuna gharama, maana chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila idhini ya mkutano mkuu, na idhini ya kugawa malisho inaweza kupitishwa na wasiofuga. Mwombeni mwenyekiti, kupitia wenyeviti wa vitongoji, abadili saa, na mpatane naye kwamba maswali ya kwanza yatoke kwa wanawake na watu wenye ulemavu. Wakisubiri wazee wamalize, jua huwa limekwisha kuzama. (Kwa maoni yangu, hatua hii ndogo huzaa matunda kuliko semina nyingi.)

Kabla kikao hakijafungwa, takeni swali, jibu na jina la aliyeahidi viandikwe kwenye muhtasari, ili ajenda ya yatokanayo, yaani ya kufuatilia mambo ya kikao kilichopita, katika kikao kijacho ianzie hapo. Ahadi ikipita vikao viwili bila kutekelezwa, pelekeni nakala ya muhtasari kwa mtendaji wa kata na kwa diwani.