Pampu ya joto au jiko la kuni: namna ya kuamua kabla ya baridi ya Maine

Katika jimbo la Maine, Marekani, ambako Kiswahili cha Kongo siku hizi husikika Portland na Lewiston, anayenunua nyumba huulizwa mapema ataipasha joto kwa kutumia nini. Kabla ya kulinganisha bei, jiulize ni nani atakayeshinda nyumbani. Jiko la kuni linahitaji mtu wa kulichochea, kuzoa majivu na kubeba kuni kutoka bandani. Ikiwa watu wazima wote wanatoka alfajiri kwenda kazini, moto utazimika mchana na nyumba itapoa.

Pampu ya joto haizalishi joto bali hulihamisha: huvuta joto lililomo katika hewa ya nje, hata siku ya barafu, na kuliingiza ndani, kama friji iliyogeuzwa. Kwa kila uniti moja ya umeme (yaani kilowati-saa, kWh) hutoa uniti mbili hadi nne za joto, ingawa kiasi hicho hushuka kadiri baridi inavyozidi. Kwa hiyo usiridhike na uwezo unaotangazwa kwa nyuzi 8 za Selsiasi. Mtake muuzaji akuoneshe kwa maandishi mashine inatoa joto kiasi gani kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri, kisha akilinganishe na mahitaji ya nyumba yako. Hakikisha pia kwamba sehemu ya nje inawekwa juu ya stendi, isije ikafukiwa na theluji. Ukiiona ikifuka mvuke asubuhi, usishtuke, kwa maana inayeyusha barafu iliyoganda juu yake. Teknolojia hii si ya kujaribiwa tena huko: Maine ilijiwekea lengo la kufunga pampu 100,000 kufikia mwaka 2025, nayo ililifikia mwaka 2023.

Kuni huuzwa kwa kordi, yaani rundo lililopangwa lenye futi 4 kwa 4 kwa 8. Muuzaji akisema ni kavu, usimwamini kwa maneno: pasua gogo moja, uchomeke kipima unyevu katika uso mpya wa ndani, na usikubali unyevu unaozidi asilimia 20. Mwaloni, ambao ndio wenye moto mzuri, unaweza kuchukua hata miaka miwili kukauka. Kuni mbichi hupoteza nguvu zake katika kuchemsha maji yaliyomo, na moshi wake huacha ndani ya dohani masizi yanayonata kama lami, ambayo yakishika moto huweza kuteketeza nyumba. Dohani isafishwe kila mwaka, na mwenye mgonjwa wa pumu nyumbani afikiri mara mbili.

Sasa fanya hesabu. Kordi moja ya mwaloni mkavu, katika jiko zuri, huipa nyumba joto la takriban uniti 4,900; pampu itatoa kiasi hicho kwa takriban uniti 2,000 za umeme, tukichukua wastani wa mbili na nusu kwa moja. Gawanya basi bei ya kordi kwa 2,000: ikiwa kordi ni dola 400, utapata senti 20, na uniti ya umeme ikigharimu zaidi ya hapo, kuni ni nafuu. Anayekata kuni katika msitu wake mwenyewe hana haja ya hesabu hii.

Linabaki suala la umeme kukatika. Dhoruba ya Desemba 2023 iliwaacha mamia ya maelfu ya wateja wa Maine gizani, na pampu bila umeme haifanyi lolote. Kwa maoni yangu, mwenye nyumba anayemudu atumie pampu kila siku na aweke jiko dogo la akiba. Asiyemudu vyote viwili, na hasa anayeishi mbali na mji, aanze na jiko. Mpangaji hana uchaguzi mkubwa, kwa kuwa tundu la dohani halitobolewi bila ridhaa ya mwenye nyumba. Atakayefunga jiko aiarifu kampuni ya bima kabla ya fundi kuanza kazi, na aweke king'ora cha kaboni monoksidi, gesi ya sumu itokanayo na moto, karibu na vyumba vya kulala.