Kabla Hujashusha Giaboksi, Sikiliza Pedali

Gari lenye klachi likianza kulia, fundi mwenye haraka hukimbilia kushusha giaboksi. Mzuie kwanza. Giaboksi iliyolala chini hailii, kwa hiyo kila unachotaka kusikia kisikie ingali mahali pake.

Tafuta sehemu tambarare yenye hewa, vuta hendibreki, weka vizuizi kwenye matairi. Zima redio, feni na kiyoyozi. Na pekua chini ya viti; chupa iliyokuwa ikibingirika huko imeshawahi kunipotezea asubuhi nzima.

Washa injini, gia iwe nyutro, mguu uwe mbali na klachi. Sikiliza kidogo, kisha kanyaga pedali taratibu mpaka chini. Pedali ikiwa juu, shafti inayopeleka nguvu ndani ya giaboksi huzunguka pamoja na injini. Ikifika chini, shafti hiyo husimama. Basi kama kuna muungurumo unaokatika ukikanyaga, shuku beringi za shafti hiyo, au oili iliyopungua. Kama palikuwa kimya na mlio ukaanza mguu unapozidi kukandamiza, hiyo ni rilizi beringi, ile inayosukuma klachi iachie, maana ndiyo inayobeba msukumo wa mguu wako. Upo pia mlio mwembamba kama wa kifaranga, unaonyamaza ukiigusa pedali kwa ncha tu ya kiatu. Huo mara nyingi ni beringi hiyohiyo, au uma unaoisukuma, ukiwa unacheza. Rudia jaribio injini ikiwa baridi, kisha ikiwa imepata moto.

Gia kukwaruza ni kesi nyingine. Kanyaga klachi, hesabu hadi 5, ndipo uweke rivasi. Giaboksi nyingi hazina sinkro ya rivasi, yaani pete inayolinganisha mwendo wa gia kabla hazijashikana, kwa hiyo ukiwahi lazima ikwaruze. Ikikwaruza hata baada ya kusubiri, klachi haiachii sawasawa: angalia kebo, au hewa na uvujaji kwenye mfumo wa maji ya klachi. Hayo hutengenezwa bila kushusha kitu. Inayokwaruza ikiwa ni gia moja tu, tuseme ya 3, sinkro yake ndiyo ya kutazamwa.

Sauti ya barabarani iandike: gia ipi, mwendo gani, ukiwa unakanyaga mafuta au umeachia. Mvumo unaobadilika ukiyumbisha usukani polepole kulia na kushoto huelekea kuwa beringi ya gurudumu. Mlio wa tak-tak-tak kwenye kona kali ni jointi ya ekseli.

Halafu oili ya giaboksi. Ukitaka kuimwaga, legeza kwanza nati ya kujazia. Ikigoma baada ya kumwaga, umebaki na gari lisilo na oili wala pa kuitilia. Utelezi wa kijivu kwenye sumaku ya nati ya chini ni uchakavu wa kawaida. Vipande vya chuma vinavyoshikika kwa kucha si vya kawaida. Oili mpya iwe ile iliyotajwa na kitabu cha gari, kwani baadhi ya oili za GL-5 (daraja la oili ya gia, huandikwa kwenye kopo) hula sinkro za shaba.

Ikibidi kushusha, badilisha klachi pleti, presha pleti inayoibana, na rilizi beringi kwa mpigo mmoja. Omba uipokee beringi ya zamani mkononi, uizungushe kwa kidole. Iliyokufa utaisikia ikikwangua kama ina mchanga.